Mstari wa Njia

Kila siku akitoka shule, Futi alipitia kwanza karakana ya ushonaji ya mama yake. Aliweka mkoba chini ya meza ya kukatia, akanawa mikono, kisha akachukua sumaku na kuokota pini zote zilizodondoka sakafuni. Cherehani sita zilikuwa zikinguruma kwa pamoja, na mafundi walipiga soga bila kuinua macho. Futi alikuwa na jina lake zuri la kuzaliwa, lakini hakuna aliyelitumia. Tangu akiwa na miaka mitano alitembea na futikamba shingoni, ule utepe laini wa mafundi wenye namba, akipima meza, akimpima paka, akipima hata masikio ya baba yake. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na jina la Futi lilikuwa limemganda.

Jambo moja tu lilimkera humo karakanani, nalo ni kiti kitupu cha dirishani. Kilikuwa kiti cha bibi yake, aliyeianzisha karakana hiyo kwa cherehani moja ya kuzungusha kwa mkono. Miaka miwili nyuma miguu ya bibi iligoma, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Gari lao kuukuu lilikuwa na buti dogo lisiloweza kubeba kiti hicho, na kumpandisha bibi kulihitaji watu wawili na maombi. Basi bibi alibaki nyumbani akisikiliza redio, na mafundi waliokwama na kola walimpigia simu. Hakuna aliyethubutu kukalia kiti chake.

Ndiyo maana mama alikuwa akisubiri gari jipya, tena si gari la hivi hivi. Lilikuwa gari la umeme la kifahari, lenye milango mipana na buti la kumeza kiti cha bibi bila kelele. Picha yake ilibandikwa ukutani juu ya mafungu ya uzi.

"Miaka ishirini nawashonea watu nguo za harusi," mama alizoea kusema. "Mara moja na mimi ninunue kitu kilichoshonwa vizuri."

Bibi alilibatiza gari hilo Bwana Harusi, kwa sababu lilipendeza na lilichelewa. Walikuwa wamelisubiri miezi minane.

Jumatatu moja simu ya mama ililia. Alikuwa na pini mdomoni, akaiwekea spika. Aliyepiga alikuwa muuzaji wa duka la magari.

"Mama, sina habari nzuri," alisema kwa sauti ya chini. "Lile gari lako, kiwanda kimeacha kulitengeneza. Na yaliyokuwa yamebaki yamekwisha yote."

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mama alizitoa pini mdomoni taratibu, akazichoma kwenye kifuko chake cha mkononi.

"Kaka, mimi nina mzee nyumbani anayenisubiri nije kumchukua," alisema. "Una nini kingine?"

Jioni bibi alipopewa habari alipiga makofi ya mshangao. "Bwana harusi kaingia mitini!" alisema, na wote wakacheka. Lakini Futi aliona bibi alivyokizungusha kiti chake akatazama ukuta, naye akajua kwamba kicheko kile kilikuwa cha kuwapoza wao.

Jumatano mama na Futi walikwenda dukani. Sakafu iling'aa hadi Futi akaviona viatu vyake vya shule mara mbili. Magari mawili ya umeme yalikuwa yamesimama bega kwa bega. Moja lilikuwa jeupe, refu kwenda juu, la mraba mraba. La pili lilikuwa la buluu, limelala chini, limetoka kiwanda kilekile cha Bwana Harusi, na pua yao ilikuwa moja. Futi alipolisogelea, vitasa vya milango vilivyokuwa vimejificha vikachomoza vyenyewe. Moyo wake ukaenda moja kwa moja.

"Huyu ni mdogo wake Bwana Harusi!" alisema.

Mama aliyaendesha yote mawili barabarani, muuzaji akiwa ubavuni na Futi nyuma. Katika lile la buluu hapakuwa na mngurumo wala mtikisiko. Juu yao paa lilikuwa kioo kitupu, na matawi ya miti ya barabarani yalipita juu ya kichwa cha Futi mfululizo. Kwenye taa za barabarani mama alinong'ona kama aliye kwenye chumba cha mtihani: "Sikia kimya hiki, mwanangu."

Waliporudi, mama aliinama akapitisha kidole kwenye mshono wa kiti cha lile la buluu. Aliangalia kwa muda mrefu kama anavyoangalia kazi ya fundi mwenzake.

"Mshono mara mbili, na kila tundu liko sawa na mwenzake," alisema kwa heshima. "Aliyeshona hapa hakuwa na haraka." Kisha akanyooka. "Haya, Futi. Daftari hili hapa. Pima yote mawili, vipimo ndivyo vitakavyoamua."

Daftari la vipimo la karakana lilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo aliuweka bibi. Zamani, akiwa fundi mchanga, alimshonea mteja gauni lililomkaa shingoni kama lilivyochorwa, ila alisahau kwamba kichwa ni kikubwa kuliko shingo. Mteja alikwama ndani ya gauni mbele ya wakwe zake. Tangu siku hiyo kila ukurasa ulikuwa na mstari wa mwisho ulioandikwa "Njia", yaani pale ambapo kitu kinapaswa kupita ili kufika mahali pake. Ukurasa bila Njia haukuhesabiwa kuwa umekamilika.

Mama alikwenda mezani kuulizana na muuzaji habari za kuchaji gari nyumbani. Futi alianza na lile jeupe. Vipimo vya kiti cha bibi kikiwa kimekunjwa alivijua kwa moyo. Buti: kinaingia. Kimo cha kiti cha abiria: sawa na kiuno cha bibi. Njia: kinapita, tena kwa nafasi. Aliandika haraka haraka, maana hakulitaka.

Kisha akaja kwenye la buluu. Ndani ya buti mlikuwa na nafasi kubwa hadi akatabasamu. Alipopima mdomo wa buti, tabasamu likakatika. Taa za nyuma zilikuwa zimeingia ndani kwa urembo, zikaubana mdomo. Upana ulipungua vidole vitatu. Alipima tena akitumaini kwamba futikamba ilikuwa imejikunja. Vidole vitatu. Alivitazama vitasa vile, akaitazama pua ile, akafunga daftari bila kujaza mstari wa mwisho.

"Je, la buluu?" mama aliuliza njiani kurudi.

"Buti lake kubwa, mama, kuliko la jeupe."

"Na njia?"

"Kinapita," Futi alisema, akitazama nje.

Mama hakuuliza tena. Futi hakuwa amewahi kukosea kipimo, na mama aliliamini neno lake kama alivyouamini mkasi wake. "Basi Jumamosi asubuhi nasaini la buluu," alisema kwa furaha.

Kesho yake shuleni, rafiki yake waliyemwita Chaji, kwa kuwa maneno hayakuwahi kumwishia, alitaka kujua kila kitu.

"Mmechukua lipi?"

"La buluu."

"Safi! Lile jeupe nimeliona, ni sanduku la mikate lenye taa." Chaji alicheka peke yake. "Kwa hiyo bibi yako anarudi karakanani! Kiti chake kinaingia vizuri?"

"Ukikiinamisha kidogo labda."

"Nani atakuwa anakiinamisha? Asubuhi wewe si uko huku?"

Futi aliondoka akaingia darasani. Chakula cha mchana alikirudisha nyumbani kilivyo.

Ijumaa jioni alimkuta bibi katikati ya vitambaa, amechangamka ajabu. Alikuwa amelitoa gauni lake la kazi, amelishona pindo upya. Mkasi wake mkubwa, uliolala kabatini miaka miwili, alikuwa ameupaka mafuta na kuufunga kwa flana.

"Njoo, mjukuu wangu, nionyeshe hilo gari," alisema.

"Sina picha yake, bibi."

"Nani kataka picha? Nipe vipimo."

Bibi alivaa miwani. Watu wengine huona gari wakitazama picha, bibi aliliona kwenye namba. Kidole chake kilishuka ukurasani, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye mstari wa mwisho kidole kikasimama.

"Hapa ulisahau?"

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa mbele ya Futi, tena na bibi mwenyewe. Angesema ndiyo, nilisahau, na ingekuwa imekwisha. Alitazama flana ile iliyofungwa kwa fundo zuri.

"Sikusahau, bibi. Nilipima mara mbili. Kiti hakipiti, kimezidi kwa vidole vitatu." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa. "Na mama nilimwambia kinapita."

Bibi alivua miwani. Hakugomba, na hilo lilimuumiza Futi zaidi. "Mwite mama yako," alisema. "Umwambie wewe, si mimi."

Mama alisikiliza amesimama. Uso ulimbadilika. "Ningesaini kesho asubuhi!" alisema kwa hasira. "Ningempeleka mama yangu mlangoni mwa gari jipya, halafu nimwambie arudi ndani? Kwa nini, Futi?"

"Nililipenda sana."

Mama aliketi kitandani kwa bibi, akashusha pumzi. Alipoongea tena, sauti ilikuwa imepoa.

"Hata mimi nimelipenda. Unadhani kwa nini nilikupa wewe futikamba? Macho yangu yalikuwa yameshanogewa. Nilitaka mtu wa kuniambia ukweli."

Jumamosi walikodi gari kubwa, wakaenda na bibi na kiti chake. Muuzaji, aliyevaa kizibao cha kubana, alisikia habari ya vidole vitatu, akasema vidole vitatu havishindi ujanja. Akakikunja kiti, akakiinamisha, akakisukuma ndani ya buti la buluu. Kikagoma. Akakigeuza upande wa pili, akavuta pumzi, akasukuma kwa nguvu zote. Kifungo cha kizibao kikaruka na kubingirika chini ya gari.

Hapo ikaonekana familia ya mafundi. Futi alikuwa ameshapiga magoti akakiokota, mama ameshatoa sindano mkobani, na bibi anachagua uzi. Kabla muuzaji hajamaliza kuomba radhi, kifungo kilikuwa kimerudi mahali pake.

"Futikamba yenu haikosei," muuzaji alisema, akijipapasa tumbo.

Kisha wakajaribu jeupe. Kiti kiliingia butini kama mkono kwenye mkono wa shati. Bibi alijisogeza kwenye kiti cha abiria bila kuinuliwa na mtu, maana kilikuwa usawa wa kiuno chake, akauvuta mlango mwenyewe. Miaka miwili hakuwa amefunga mlango wa gari kwa mkono wake. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono, akainua uso kwenye paa, nalo pia la kioo, lililojaa mawingu.

"Tulikuwa tunamsubiri bwana harusi bure," alisema. "Kumbe anayekuja ni bibi harusi, na huyu hapa kavaa nyeupe yake."

Futi alilizunguka gari hilo polepole. Lilikuwa la mraba vilevile, lakini alishangaa jinsi kila pembe yake ilivyokuwa imewekwa kwa makusudi, pana mahali pa mtu kupita, na imara mahali pa mtu kujishikilia. Aliyelibuni alikuwa amemfikiria mtu kama bibi. Alimheshimu fundi huyo asiyemjua, na aliona haya kwamba Jumatano alikuwa amelipima gari lake bila hata kulitazama.

Wiki mbili baadaye, asubuhi kabla ya shule, gari jeupe lilisimama kimya mbele ya karakana. Hakuna aliyelisikia, hivyo mafundi walishtukia bibi yuko mlangoni. Cherehani zote sita zikanyamaza, kisha vikapanda vigelegele. Bibi alihamia kwenye kiti chake cha dirishani, akafungua flana, akaushika mkasi. Hazikupita dakika mbili.

"Hiyo kola imelegea," alisema, na mafundi wakaangua kicheko.

Kisha akamwita Futi, akalifungua daftari kwenye ukurasa wa gari la buluu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kosa la chaki unalifuta kwa kiganja, la mkasi hulifuti. Wewe ulisema kosa likiwa bado la chaki, na kwa ajili hiyo mimi nimekaa hapa leo. Lakini usisahau ulivyotaka kukata. Kupenda kitu si vibaya. Ukishakipenda, ndipo uzidi kusema ukweli juu yake, kwa sababu kuna mtu anakitegemea kipimo chako." Akampa penseli. "Sasa jaza pengo hilo."

"Lakini hatukulinunua, bibi."

"Daftari langu haliachwi na pengo."

Futi aliandika mbele ya neno Njia: hakipiti, vidole vitatu. Akampelekea mama, ambaye kwa desturi ya karakana ndiye aliyetia sahihi chini ya kila ukurasa. Mama alimtazama kidogo. Halafu akatia sahihi bila kuuliza, akalifunga daftari, na kumkabidhi vipimo vya mteja wa kwanza wa siku hiyo.