Machicha ya Jana

Jumatatu asubuhi Mama Birika alifungua duka akakuta vitabu vimelambwa.

Siyo kulowa. Kulowa alikujua vizuri, maana bati la duka lao lilikuwa na matundu mengi kuliko chujio la chai. Mvua ikinyesha, vitabu hulowa kutoka juu. Hivi vilikuwa vimelowa kwenye kona ya chini tu, pale mtu anapotia kidole akifunua, ukurasa kwa ukurasa, kitabu kwa kitabu, rafu nzima. Aligusa kimoja, kidole kikavuta uzi wa ute mrefu, ungeweza kuanikia nguo. Akanusa. Kilinuka kinywa cha mtu aliyelala na njaa.

"Baba, hebu njoo unuse hiki," akamwita mumewe.

Mumewe mtaa mzima ulimwita Kurasa. Alikuwa na jibu moja kwa kila jambo la vitabu. Akanusa, akasema, "Unyevu." Ungemwonyesha tembo amekaa kwenye rafu, angekwambia ni unyevu umemleta. Halafu akafanya kama alivyozoea tangu yuko darasa la kwanza: akalamba kidole, akafunua ukurasa uleule uliolowa, akalamba tena, akafunua mwingine. Mama Birika akageuza uso.

Duka lenyewe lilikuwa moja lakini biashara mbili. Kushoto vitabu vikuukuu vya Kurasa, kulia meza sita na jiko la mkewe, katikati pazia ambalo halijawahi kufungwa. Watu walikuja kusoma wakanywa, au kunywa wakasoma. Na kahawa ya Mama Birika, jamani, ilikuwa nzito hata kijiko kilisimama humo chenyewe kama askari wa gwaride. Ilisemekana maiti akinusishwa atakaa kitako aulize sukari iko wapi. Aliyesema hivyo mara ya kwanza alikuwa Mama Birika mwenyewe.

Sasa, vitabu vikuukuu vinanuka. Kila jioni Kurasa alichukua machicha ya kahawa yaliyokauka, akayapanga kwenye vibakuli katikati ya rafu. Machicha yananyonya harufu, hiyo kila muuza vitabu anaijua. Asubuhi yanatupwa. Ndivyo alivyoamini Kurasa. Kumbe yalikuwa hayafiki jalalani. Mkewe alichota vijiko vitatu vya machicha yale yaliyolala na vitabu, akayachanganya na kahawa mpya, akachemsha. Uzito wote ulitoka hapo. Miaka tisa wateja waliuliza siri, na miaka tisa aliwajibu, "Ni mkono tu."

Wiki moja kabla, Kurasa alileta gunia la vitabu kutoka nyumba ya mzee mmoja kapera aliyefia kitini akisoma. Walimkuta siku ya nane, kidole bado kiko mdomoni. Chini kabisa ya gunia kulikuwa na kitabu kisicho na jina, jalada lake laini, lina vuguvugu la kwapa. Kilinuka kuliko vyote, kwa hiyo Kurasa akakiweka rafu ya katikati, akakizungushia vibakuli vitatu peke yake.

Tangu siku hiyo kahawa ilipendwa kupita kiasi. Mwalimu mstaafu, ambaye daima aliacha nusu kikombe, sasa alikimaliza, akalamba ukingo, akalamba kisahani, polepole, macho kayafumba.

"Mama, siku hizi unatia nini humu?"

"Mkono, mwalimu."

Alivimba kichwa hata mlangoni akawa anapita upande upande. Lakini akiviosha vikombe alisita. Vilirudi vikavu, vinang'aa, hata doa la chini halipo. Na vilikuwa vya moto, kama vimetoka mdomoni mwa mtu.

Alhamisi akaona kidole cha mumewe. Kile cha kufunulia. Mistari ya ngozi ilikuwa imefutika, nyama imekuwa nyeupe na mikunjo. Ijumaa ukucha ulilegea ukavuka kama ganda la haragwe lililorowekwa. Jumamosi kidole kilikuwa kimechongoka nchani, kimekwisha pingili moja, mfano wa pipi iliyopita mdomoni mwa mtoto.

"Kinauma?"

"Hakiumi, mama. Ndiyo inayonitisha. Nikilala nasikia kama kuna mtu ananinyonya. Nikiamka, kimelowa mpaka kiwiko."

"Labda unyevu."

"Siyo unyevu," alisema Kurasa, na hapo ndipo Mama Birika alipoogopa kweli.

Mchana huo kulinyesha, duka likajaa, kila meza na mtu na kitabu na kikombe, na Mama Birika akiwa jikoni akasikia duka limenyamaza, kisha chwa, sauti moja ndogo yenye mate, na alipochungulia aliwaona wote, mwalimu, fundi cherehani, dada wawili wa saluni, wametoa ndimi kwa pamoja, wamelamba vidole kwa pamoja, wamefunua ukurasa kwa pamoja, chwa, macho yao hayasomi, yanaitazama tu ile rafu ya katikati, chwa, na mumewe amesimama miongoni mwao kidole kimezama mdomoni hadi ngumi, na yeye kwa kukosa pa kushika akashika birika, akafunua kifuniko ili apate kitu cha kawaida cha kutazama, akaona ndani hamna kahawa bali kitu cheusi kipana kimejipaka pande zote za birika, kina vipele vidogo vidogo, kinapumua mvuke, na kikajikunja katikati kama ulimi unaotaka kusema.

Alitapika kwenye sinki. Kisha akakimbia mvuani kumwita shangazi.

Shangazi wa Kurasa alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na majini alikuwa akiyatoa kwa sindano ileile. Aliingia, akanusa, akakichomoa kile kitabu kwa koleo, na papo hapo wateja wakazinduka.

"Mlambaji," akanong'ona. "Anakaa kwenye vitabu vya watu wapweke. Anakula mate kwanza, halafu mdomo unakotoka mate, halafu aliye na mdomo. Haya machicha mliyomzungushia yamemnyonya kama yanavyonyonya harufu. Vizuri. Yamwagwe humu ndani ya kitabu, nimshone. Ya siku zote yako wapi, mke wa mwanangu?"

Mama Birika aliwatazama wateja. Miaka tisa ya mkono tu.

"Natupa, shangazi. Kila asubuhi."

"Jalalani?"

"Jalalani."

Shangazi akamwaga kitabuni yale ya vibakulini, akatunga uzi. Mshono wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu sindano ikatoka imelowa ute na Kurasa akaguna. Mbele ya macho yao pingili ya pili ya kidole ikayeyuka kimya kimya, ikabaki ncha nyeupe ya mfupa, safi, imelambwa.

"Humu yumo nusu," shangazi akasema. "Nusu amepelekwa pengine. Mwanangu, nikimshona hivi nusu, mume wako ataisha. Machicha umeyapeleka wapi?"

Mama Birika akautazama ule mfupa.

"Wameyanywa," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ingepenya tundu la sindano. "Hawa wote. Nilikuwa nachemsha tena."

Mwalimu alikitazama kikombe chake, akatazama vibakuli vya rafuni, vyenye vumbi, mabawa ya mende na unga wa karatasi, akajishika tumbo. "Miaka tisa?" akauliza. "Mama, miaka tisa?"

"Kila aliyekunywa atatema humu," shangazi akasema, akasukuma beseni.

Walitema. Mate hayakuwa mate. Yalitoka marefu, meusi, mazito, mtu anavuta kwa mikono miwili kama kamba ya kisima, na kila uzi uliofika kwenye beseni ulitambaa kutafuta mwenzake. Dada wa saluni alitoa kipande kilichokuwa na nywele. Mwalimu alitoa mengi kuliko wote, akaomba radhi kwa adabu, akatoa tena. Beseni lilijaa, likaanza kulamba ukingo wake lenyewe. Shangazi akalimimina lote kitabuni, akashona mishono arobaini, akapaka gundi. Kitabu kikatetemeka kidogo, kikapoa.

Kidole cha Kurasa kikaacha kulowa.

"Na wewe?" shangazi akamgeukia Mama Birika, sindano bado mkononi. "Umeionja?"

Wateja walikuwa wanamtazama kama watu wanavyotazama choo cha stendi. Kila alfajiri kijiko cha kwanza kilikuwa cha kwake. Bila kuonja angejuaje imekolea? Lakini alikuwa ameshavuliwa nguo mara moja siku hiyo.

"Mimi?" akasema. "Mpishi hodari haonji, shangazi. Mkono unajua."

Shangazi akakata uzi kwa meno, akaondoka na kitabu.

Wiki tatu baadaye nyama ilianza kurudi kidoleni, changa, nyekundu, laini kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Duka lilikuwa tupu lakini mume alikuwa mzima, na Mama Birika alijiambia hilo linatosha. Walikuwa wanasugua rafu pamoja. Kurasa akaona vumbi kwenye shavu la mkewe, akacheka, akanyoosha kile kidole kipya kulifuta.

Mama Birika alitaka kumwambia asiguse. Alifumba mdomo kwa nguvu zake zote, akabana meno. Ulimi ukayapitia kwa ubavuni, polepole, bila kutumwa, mrefu kuliko alivyoujua, ukakizungushia kidole mara mbili.

Chwa.

Na kilichomtia kinyaa kuliko vyote, mpaka machozi yakamtoka, ni kwamba kilikuwa kitamu.