Toleo Jipya la Umeme

Foleni ya kwa fundi wa kompyuta ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi za jengo. Aliyekuwa mbele kabisa, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, alikuwa mhariri wa video ambaye wenzake walimwita Umeme kwa kasi ya vidole vyake.

"Kaka, shida si kompyuta," fundi alimwambia. "Weka programu mpya ya kuhariria. Toleo lako lina miaka minane!"

"Ndilo lililoniweka mjini. Mkono wangu unajua njia wenyewe."

"Hata punda anajua njia," sauti ikadakia nyuma yake.

Umeme aligeuka na jibu kali mdomoni, nalo likayeyuka palepale. Mbele yake alisimama dada mrefu mwenye blauzi ya kijani na jinzi, kamera begani, anacheka bila hata dalili ya kuomba radhi.

"Na wewe ni nani, dada?"

"Mpiga picha. Nasubiri punda amalize nami nihudumiwe."

Watu wakaangua kicheko, na Umeme naye kicheko kikamshinda. Alitoka pale na namba ya simu ya dada yule. Mwezi haukuisha, kila asubuhi ikawa inaanza na sauti ile ile.

"Babu, umeamka?"

"Babu yako nani?"

"Mwenye programu ya kizee."

"Sasa mbona unampigia kila siku?"

"Namhurumia, mpenzi wangu. Atapigiwa na nani mwingine?"

Ndipo ikaja kazi. Mama yake mpiga picha, mkunga wa miaka thelathini na minne, alikuwa anastaafu, na hospitali ikaomba filamu fupi ya kuonyeshwa Jumamosi ya kumuaga. Binti alimpiga mama yake picha za video kwa majuma matatu, wodini na nyumbani, kwa kamera yake mpya. Kuhariri hakumpa mtu mwingine ila Umeme.

"Picha za kamera hii hazifunguki kwenye toleo la zamani," alimwonya. "Umeshaweka jipya?"

"Zamani sana!"

Uongo mtupu. Kisa chenyewe kilikuwa aibu. Siku moja alilijaribu toleo jipya ofisini kwa rafiki yake, akakuta kila kitu kimehamishwa, akatafuta pa kukatia picha robo saa nzima huku watu wakimtazama. Umeme mzima! Akaapa halitakanyaga kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo alizichukua picha za mpenzi wake, akazigeuza moja moja mpaka programu yake ikakubali kuzimeza. Zilifunguka. Kilichoumia ni rangi.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatano mpiga picha alikuja studio kuona kazi ilipofikia. Alitazama dakika mbili, akasimama.

"Hii nini?"

"Filamu. Hupendi nilivyoikata?"

"Umeikata vizuri. Lakini mama yangu ana sweta jekundu. Wodi nzima inamjua kwa hilo. Hapa umemvika tofali!"

"Labda kamera yako…"

Hapo aliharibu. Macho ya mpiga picha yaliiacha filamu, yakashuka chini ya kioo cha kompyuta, yakasoma jina la programu na namba ya toleo lake.

"Uliniambia umeliweka."

Umeme alikimbilia kuifunga programu, akawa amechelewa.

"Nimekupa mama yangu," alisema taratibu, "ukaona bora umfubaze kuliko kukiri kuna kitu hukijui. Kesho natafuta mhariri mwingine."

Mlango ukafungwa. Umeme alipiga simu mara sita, haikupokelewa. Akabaki anamtazama yule mama wa rangi ya tofali akimpokea mtoto wa watu, na kwa mara ya kwanza aliona haya ya kweli. Ile ya siku ya kutafuta pa kukatia ilikuwa mchezo tu.

Asubuhi aliliondoa toleo la zamani, akaweka jipya. Akafungua picha ya kwanza. Sweta likawaka jekundu, lakini vidole vyake havikujua pa kubonyeza. Akamwandikia ujumbe: "Nimeweka. Tafadhali pokea."

Akapiga tena, na safari hii simu ikapokelewa.

"Sema."

"Nisamehe. Nilikudanganya, halafu nikataka kuisingizia kamera yako. Sasa picha zimefunguka, lakini sijui hata nikatie wapi. Njoo unifundishe."

"Rudia."

"Nisamehe?"

"Hapana. Hapo pa sijui."

"Sijui, mpenzi wangu. Sijui kabisa!"

Kicheko alichokisikia kilimrudishia roho mahali pake.

Mpiga picha alikuja kabla ya saa nne, akavuta kiti. Siku mbili Umeme alikuwa kobe. "Siyo hapo, babu." "Hapo je?" "Hapo umefuta." Alipigwa mkono, alichekwa, aliuliza swali moja mara tatu. Ijumaa alasiri vidole vilianza kukimbia tena, naye mpiga picha akaacha kufundisha, akawa anamtazama tu.

Jumamosi ukumbi wa hospitali ulijaa mpaka madirishani. Sweta jekundu lilipotokea ukutani, wauguzi walisimama wakapiga vigelegele, na akina mama aliowazalisha wakawanyanyua watoto wao juu wamwone. Mkunga mwenyewe, aliyewazoea watu kulia mbele yake, alilia mbele ya watu.

Baadaye alimvuta binti yake. "Na huyu kijana?"

"Ndiye aliyeihariri, mama. Mwanafunzi wangu."

Mwezi mmoja nyuma neno lile lingemuua Umeme. Sasa alijinyoosha kama anayevishwa nishani.

"Mwanafunzi?" Mkunga alimpima toka viatu mpaka kola. "Na masomo yake yanaisha lini?"

Mpiga picha alifungua mdomo, lakini Umeme aliwahi.

"Nisingependa yaishe, mama. Nimekuja kuomba hilo."

Mkunga akamgeukia binti yake. "Umemsikia. Utaendelea kumfundisha?"

"Nitaendelea," alisema mpiga picha, akaushika mkono wa Umeme mbele ya ukumbi mzima.