Shina la Migomba la Verdiana

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Ephrasia alipotoka nyuma ya nyumba ya mwanawe, jembe mkononi na kifurushi cha jani la mgomba kwapani. Ndani ya jani mlikuwa na kondo la nyuma la mjukuu wake, binti aliyezaliwa mchana ule. Kazi hiyo ni ya bibi. Kwao Kagoma asingemuuliza mtu. Kondo la mtoto wa kike huzikwa chini ya mgomba wa ndizi za kupika, na kuanzia hapo mtoto ana kwao.

Lakini hapa palikuwa Bukoba mjini, Uhuru ukiwa bado mchanga, na mtaa wenyewe haukuwa hata na jina. Watu waliuita Viwanjani tu. Greda lilikuwa limepita, likang'oa migomba na mibuni, likaacha udongo mwekundu na vigingi vya wapima ardhi. Katika kiwanja cha Ishengoma, mwanawe, fundi seremala, lilibaki shina moja la migomba, pembeni kabisa. Greda lilikuwa limelizunguka. Kwa nini, hakuna aliyesema.

Ephrasia alimshukuru Mungu kwa shina hilo. Akachimba, akazika, akashindilia kwa kisigino.

Alipoinuka, harufu ya rubisi, pombe ya ndizi, ikampiga puani, tamu na kali, kama ya mtungi uliofunuliwa sasa hivi. Viwanjani hapakuwa na mtu aliyetengeneza pombe.

Na nyuma ya migomba, mtu akashusha pumzi... kama aliyetua mzigo wa siku nyingi.

"Nani hapo?"

Majani yalitikisika. Upepo haukuwapo.

Tangu jioni ile mtoto akakataa kunyonya. Maziwa yalimtiririka mama yake, Jovita, mpaka yakalowesha kanga, na mtoto akageuza uso. Walimwita Clotilda, jina alilochaguliwa kabla hajazaliwa, naye akalia kana kwamba wanamtukana. Akaanza kukonda. Sauti ikawa nyembamba kama ya paka.

Jioni moja Ephrasia alikuwa anarudi kutoka kisimani alipogundua kwamba kilio kimekatika. Akasimama, ndoo kichwani. Kutoka dirishani ilikuja sauti ya mwanamke mzee, ya chini, ikibembeleza.

"Kokuhirwa... Kokuhirwa wangu..."

Aliingia mbio. Jovita alikuwa amelala fofofo. Mtoto alikuwa macho, akitazama dirisha, ametulia. Na kwenye sakafu ya saruji, kando ya kitanda, palikuwa na nyasi mbichi, zimetandikwa kwa ustadi, zote zikilalia upande mmoja, kama wazee wanavyotandika nyumba wanapongojea mgeni.

Ephrasia alivuka barabara hadi kwa Ashura, muuza maandazi, aliyeishi pale tangu kabla ya greda.

"Kondo umezika wapi?" Ashura aliuliza kabla Ephrasia hajamaliza kusimulia.

"Pale kwenye migomba."

"Loo! Mama Ishengoma! Kibanja chote cha Kagoma umekiacha, ukaja kuzika kwa Verdiana?"

"Verdiana ni nani? Usinicheke, mwenzangu."

"Sicheki." Ashura alishusha sauti. "Palikuwa kwake pale. Ndugu zake walikubali kuhamia Kagondo, yeye akagoma. Binti yake wa pekee alikwenda Kampala zamani, akapotelea huko. Mama akawa anasema, akirudi akakuta hakuna mgomba, atajuaje kwamba ni kwao? Alikufa greda likiwa tayari barabarani. Wakamzika palepale, haraka haraka, chini ya lile shina. Migomba ililipiwa fidia. Kaburi hakuna aliyeliuliza."

"Na huyo binti... aliitwa nani?"

Ashura alitazama mafuta yake yakichemka.

"Unajua alivyoitwa, waitu. Si umelisikia jina?"

Ephrasia alivuka barabara kurudi. Alichukua jembe. Angelifukua kondo, alipeleke Kagoma, alizike kwenye mgomba wa ukoo, na mambo yaishe.

Mwanga ulikuwa bado haujaondoka kabisa. Udongo ulikuwa laini mno. Alichimba kidogo tu akakiona kifurushi. Yeye alikuwa amekifunga kwa jani peke yake. Sasa kilikuwa kimevikwa kitambaa cha magome ya mti, cha kahawia, kile walichozikwa nacho watu wa zamani. Kimefungwa kwa upole, kama mtoto anavyofunikwa asipate baridi.

Akakishika. Akavuta.

Kitu kikavuta kutoka chini.

Hakikuvuta kwa nguvu. Kilishikilia tu, kama mkono wa mzee asiyetaka ugomvi.

"Waitu..." sauti ilisema karibu na sikio lake. "Unampeleka wapi tena?"

Ephrasia aliuma meno, akavuta zaidi. Ndani ya nyumba Jovita akapiga yowe.

"Mama! Mama, njoo! Hapumui!"

Akaachia.

Kilio cha mtoto kikarudi, dhaifu, kikikwaruza.

Ephrasia alikaa chini kwenye udongo. Alikuwa amezaa sita na kuzika wawili, alijua kungojea. Alikisukuma kifurushi mahali pake, akakifukia kwa viganja. "Basi," alinong'ona. "Mwache apumue. Jina nampa."

Akaingia ndani akamnyanyua mtoto. "Kokuhirwa," alisema. Mtoto akageuka, akaanza kunyonya kama mwenye njaa ya miaka.

Miaka ikapita. Viwanjani pakajaa nyumba za mabati, pakawa na duka la ushirika na balozi wa nyumba kumi. Kokuhirwa alikua vizuri, mradi yuko nyumbani. Kila walipojaribu kumpeleka Kagoma, basi likifika Kemondo midomo yake ilibadilika rangi, na ilibidi wateremke, warudi.

Mwaka ule ambao vijijini watu walianza kuambiwa wahamie vijiji vya ujamaa, Ephrasia alikuja kumtembelea. Jovita alikuwa amekwenda Kemondo kununua samaki. Jua lilikuwa linazama. Kokuhirwa alikuwa amekaa chini ya lile shina, akimenya maharage, akizungumza kwa sauti ya chini, kwa Kihaya cha kale ambacho hata Ishengoma hakukijua.

"Unaongea na nani, mjukuu wangu?"

"Na mama."

"Mama yako yuko Kemondo."

Msichana alicheka kidogo, kwa huruma, kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto.

"Yule ni Jovita, bibi."

Akatega sikio upande wa migomba. Akaitikia kwa kichwa.

"Mama anakushukuru kwa kunirudisha," alisema. "Anasema Jovita amemlelea mtoto vya kutosha. Anaweza kupumzika sasa."

Harufu ya rubisi ikapita, tamu na kali.

Ephrasia aligeuka kutazama barabara. Majirani walikuwa wameanza kuwasha taa. Basi la Kemondo lilikuwa bado halijafika.