Hasara za Kuku wa Mama Sikitu

Ukuta ulitetemeka kidogo, ukakohoa, halafu ukataga.

Yai lilidondoka kwenye kibakuli laini kilichochomoza ukutani. Safi, jeupe, halina hata alama ya kinyesi. Ukumbi mzima wa manispaa ya Singida ukalipuka kwa vigelegele. Mama mmoja wa mstari wa mbele akalinyakua, akalinusa, akalibandika shavuni.

"Mh! Jamani, lina joto kabisa! Kama limetoka tumboni sasa hivi!"

"Limetoka tumboni kweli, mama," alisema Sikitu Ntandu, injinia aliyelibuni dude lile. "Ila tumbo lenyewe halina kuku."

Watu wakacheka. Sikitu akawafunulia kifuniko waone. Mle ukutani kulikuwa na mfuko mwekundu mwekundu unaopumua, umetengenezwa kwa chembe hai zilizochukuliwa kwenye kizazi cha mtetea. Mfuko unalishwa uji wa mashudu ya alizeti na maji, na umeme unatoka kwenye mapanga ya upepo yaliyosimama juu ya mawe ya mji mzima. Akauita kitagio. Ukichukua yai, kinataga lingine. Usipochukua, kibakuli kikijaa, kinalala chenyewe ili kisimwage chakula bure. Hakina kelele, hakiugui kideri, mwewe hakioni.

Lakini kitu kilichomaliza kuku wa Singida hakikuwa hata hicho kitagio. Alikuwa Mkokotozi.

Mkokotozi alikaa kwenye simu ya kila mtu, ana sauti nzuri kama mtangazaji wa redio. Unamsimulia unavyofuga, yeye anauliza maswali taratibu: pumba kiasi gani, dawa ipi, vifaranga wangapi wameliwa na kicheche, unatumia muda gani kufagia banda. Ukimaliza anakupa jibu lako. Na jibu lilikuwa lile lile karibu kila nyumba: yai moja la kufuga linakula gharama ya mayai sita ya ukutani. Sita! Nani atabishana na sita? Mvua za mwaka ule zilipokatika, mji uliokuwa ukipeleka kuku Dar es Salaam kwa malori, wakilia njia nzima, karibu haukuwa na jogoo wa kuwika. Watu wakawa wanaamshwa na simu.

Ikabaki nyumba moja tu inayofuga, kule Kindai. Nyumba ya mama yake injinia.

"Injinia, mbona mama mzazi hajakuamini?" walimtania kazini. "Au ile mashine inatudanganya sisi tu?"

Sikitu alicheka nao, lakini lilimchoma. Na kusema haki, hakuwa anaona aibu tu. Mama alikuwa na magoti mabovu. Kila alipomwona ameinama kwenye mlango wa banda, mkono mmoja kiunoni, roho ilimuuma. Basi asubuhi moja akaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko ukutani hakutagi na ugali?"

"Mama bwana! Leo nataka uongee na Mkokotozi. Kidogo tu."

"Huyo kijana wako wa kwenye simu? Haya, mlete. Ila aongee kwa sauti, kuku wana fujo."

Mkokotozi akasalimia kwa adabu, akaanza maswali yake, na mama akawa anajibu huku anamwaga pumba. Dawa? Shubiri, anaikata pale nyuma ya choo. Kuku wangapi? "Unamhesabu na yule aliyejificha kuatamia, au nimwache na siri yake?" Mkokotozi akasema afadhali ahesabiwe.

Hapo hapo kelele zikatokea upande wa michongoma.

"Mama Sikituuu! Nimekuletea mwizi wako!"

Alikuwa Baba Hango, jirani, amevaa kofia yake ya sufu jua lote lile, kamshika jogoo mabawa. Jogoo mwenyewe, kishingo mwekundu, aliitwa Diwani kwa sababu anapiga kelele sana na hafanyi kazi yoyote.

"Kala mchicha wangu tena! Tuta zima! Huyu kuku hana adabu kama mwenyewe!"

"Mchicha upi? Ule uliokauka kama ndevu zako? Diwani kakusaidia kupalilia, mlipe!"

"Nitamla mimi huyu! Nakwambia nitamla!"

"Na meno gani?"

Baba Hango akamtupa jogoo juu ya michongoma, akasonya, akauliza kama lile jino la mama bado linauma, akaambiwa limepoa kidogo, akaondoka huku anatukana ukoo mzima wa Diwani.

"Samahani," Mkokotozi alisema. "Je, ugomvi huu hutokea mara kwa mara?"

"Kila asubuhi Mungu anayotupa," mama alijibu, bado anacheka. "Nikichelewa kufungua banda, hawa wanapiga kelele mpaka anakuja kugonga mlango anitukane kitandani."

"Asante. Nimeweka kwenye hesabu: hasara ya ujirani."

Sikitu akaona sawa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Mkokotozi kuwa ugomvi ni gharama, unapoteza muda na unapandisha presha. Jibu lilipotoka, yai la mama halikula mayai sita ya ukutani. Lilikula tisa.

"Umeona, mama? Unajichosha bure."

"Nimechoka wapi?"

"Magoti je? Utapumzika."

"Asubuhi nitafanya nini?"

"Utalala, mama. Wenzako wote wanalala."

Mama akawatazama kuku wake. Akautazama uso wa mwanae, uso wa mtu aliyechekwa kazini, maana mama hafichwi. Akafuta kidole gumba kwenye kanga, akakibonyeza kwenye simu kukubali.

"Basi. Kwa kuwa ni wewe."

Gari la manispaa lilikuja kuwabeba kuku na kufunga kitagio ukutani. Diwani aliwika ndani ya kreti mpaka lilipokata kona. Baba Hango alikuwa amesimama kwenye michongoma, mikono nyuma.

"Sasa mchicha wangu utapumua," alisema. Mama akageuka akaingia ndani.

Baada ya hapo mambo ya Sikitu yakapaa. Leo Tabora, kesho Kigoma, kitagio kinasafiri naye kama mtoto. Akipiga simu nyumbani mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Mayai yapo, mama?"

"Yapo. Hayana shida."

"Na Baba Hango?"

"Yupo kwake. Sijui, sijamwona. Aje huku kufanya nini?"

Siku moja yuko Mwanza jukwaani, mbele ya wakubwa waliokuja kununua vitagio vya mkoa mzima, simu yake, aliyoiunganisha na kitagio cha mama, ikalia kengele ndogo. Ua la kijani likachanua kwenye kioo: *Hongera! Nyumba ya Mama Sikitu imebana matumizi ya mayai.* Akalirusha ua lile kwenye pazia kubwa kila mtu alione.

"Huyu ni mama yangu mzazi," alisema. "Ndiye aliyekuwa mfugaji wa mwisho Singida. Sasa tazameni, ameanza hata kubana matumizi!"

Wakampigia makofi. Kesho yake ua likachanua tena, kubwa zaidi. *Hongera sana!* Akampigia mama ampe hiyo habari njema. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akasema moyoni, amelala, acha apumzike. Keshokutwa yake likachanua lingine, likiwa na nyota. Alikuwa tayari kwenye treni ya upepo, anarudi nyumbani na kitenge alichomnunulia mama. Akalitazama lile ua na tabasamu.

Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishiwa tu.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kibakuli. Kilikuwa kimejaa mayai hadi juu, yamepangana vizuri kama vichwa vya watoto darasani, na kitagio kimelala chenyewe kisimwage, kama alivyokitengeneza. Akaita. Halafu akaona miguu ya mama kwenye mlango wa nyuma, ule unaotazama banda. Alikuwa ameanguka kifudifudi, mkono mmoja umenyooka kuelekea nje. Alikuwa wa baridi zamani.

Daktari alisema ni kiharusi. Sikitu akamuuliza angepona kama angewahiwa. Daktari akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Hakufa palepale," alisema mwishowe. "Alisubiri."

Baada ya maziko watu walikaa uani kwenye majamvi. Baba Hango alikaa peke yake karibu na banda tupu, kofia ameishika mkononi. Sikitu akaenda akachuchumaa mbele yake.

"Baba, ni michongoma tu iliyowatenganisha. Hukusikia kitu?"

"Sikusikia kitu, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe." Aliizungusha kofia. "Miaka yote ile mimi sikuwahi kuja hapa kumjulia hali mama yako. Hata siku moja. Nilikuja kugombana. Asingefungua banda asubuhi, Diwani angepayuka humo ndani mpaka ningekuja kuvunja mlango huu kwa hasira. Ningemkuta bado anapumua." Akainua macho. "Mchicha wangu umestawi sana, injinia. Nenda ukautazame. Haujaguswa hata jani."

Sikitu akageuza macho kwenye michongoma.

Jikoni wanawake walikuwa wanatafuta kitoweo cha waombolezaji. Mmoja akakiona kibakuli. "Mayai haya hapa, tena mengi," alisema, akayamimina yote kwenye sufuria.

Ukuta ukatetemeka kidogo. Ukakohoa. Ukataga.

Na kwenye mfuko wa Sikitu, pale pale alipochuchumaa, kengele ndogo ikalia, ikafuata ile sauti nzuri kama ya mtangazaji, uani kote watu wakaisikia:

"Karibu tena, Mama Sikitu! Tulikuwa tunakungoja."