Upande wa Maduhu

Karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, ilizimwa ili watu wakale, lakini ardhi iliendelea kudunda. Masalu aliweka kiganja juu ya mtambo. Ulikuwa umetulia kabisa, na bado mdundo ulimpanda miguuni taratibu. Wenzake walikuwa wameshakwenda kwa mama ntilie. Alibaki peke yake karibu na kilima cha marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kukamuliwa dhahabu yake, akajiambia kwamba ni njaa tu.

Siku hizo alikuwa na msiba ambao hakuna aliyempa pole. Maduhu, manju aliyejaza viwanja vya ngoma kuanzia Mwadui hadi Kharumwa, alikuwa amezikwa, na Masalu hakuwahi kumwona akiimba hata mara moja. Nyimbo zake alikuwa nazo zote kwenye memori kadi. Lakini Maduhu alipokuja Segese, Masalu alikuwa zamu. Alipokuja hapa hapa Kharumwa, karibu na nyumbani, Masalu alijilaza kidogo anyooshe mgongo, akaamka watu wanarudi na vumbi miguuni, wanacheka. Akasema ataenda mwakani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Masalu yalikuwa mtoto wa kwanza, tena wa kudeka.

"Si unamsikiliza kila siku?" mkewe, Ghati, Mkurya asiyejua Kisukuma zaidi ya salamu, aliwahi kumwuliza.

"Kwenye simu, mama Nelly. Simu haina vumbi."

Mchana ule mdundo ulihama kutoka chini, ukaja nyuma ya kilima. Ikafuata harufu ya ngozi ya ng'ombe inayoota moto, kama wapigaji wanavyokaza ngoma kabla ya mashindano. Kisha sauti. Masalu aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza. Jua lilikuwa utosini, saa ile ambayo hata mbuzi wanajificha, na marehemu alikuwa anaimba, anamsifu Masalu kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake.

Kwa Wasukuma, manju akikutaja kwenye wimbo, hukai kimya. Unamtunza. Mwenye kuku anatoa kuku, mwenye ng'ombe anaahidi ndama, na asiye na kitu anapaza sauti: "Mimi na nyumba yangu tuko upande wako!" Maana makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Kila shabiki amewahi kuyatamka maneno hayo, kesho yake akahamia kwingine, wala hakuna aliyemfuata nyumbani.

Masalu aliyatamka huku analia. Alipozunguka kilima akaone, sauti ilikatika. Palikuwa na mchanga mtupu.

Jioni Ghati alikuwa anachambua mchicha huku akiimba kiitikio. Kwa Kisukuma.

"Nani kakufundisha huo?" Masalu aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Kunifundisha nini?"

Chumbani, binti yao Nelly akaumalizia ubeti.

Tangu hapo kila mchana, popote walipokuwa, mama kwenye ndoo ya maji na mtoto kwenye sahani yake ya ugali, wote wawili waliacha walichokishika, wakasimama wameelekea karasha, midomo inacheza, macho hayapepesi, na ile harufu ya ngozi ya moto ikaingia mpaka kwenye mashuka, mpaka kwenye nywele za Nelly, mpaka majirani wakauliza nani anachinja, huku Masalu akisimama kati yao bila kusikia chochote, kwani hata nyimbo za kwenye simu zilikuwa zimegeuka mkwaruzo mtupu masikioni mwake.

Akawapeleka kwa Bibi Hosiana, mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi alinusa nywele za Nelly, akasogea nyuma. "Huyu si Maduhu. Maduhu kalala. Hili ni jini limeokota sauti yake. Linatafuta watu, maana ngoma bila watu si ngoma. Na wewe umelipa wawili."

"Mbona mimi silisikii?"

"Wewe umeshatunza. Anayetunza anarudi nje ya uwanja, kinabaki alichotoa."

"Sasa tufanyeje, bibi? Nina mtoto huyu mmoja tu."

"Lishindwe kwa ngoma. Nitaleta kundi. Hao wawili wakisimama upande wetu mpaka jua lipinde, wamerudi. Ila wewe ndiye uliyewatoa, kwa hiyo watafuata kichwa chako. Kipe kilima mgongo. Usigeuke."

Kundi likaja, wapigaji na wachezaji wamepakwa dawa. Watu wa karasha wakajazana. Vumbi likapanda, na Masalu, mgongo kwa kilima, mke kulia, mtoto kushoto, aliona Ghati anafuta jasho, anatazama huku na huku kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nelly akaanza kupiga makofi na ngoma ya walio hai.

"Baba, nina njaa," alisema. Masalu nusura apige magoti kwa furaha.

Kisha mtoto akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Baba, anaimba ule wa siku uliyolala. Kavaa manyoya ya mbuni. Watu wanacheka, baba. Mtazame!"

Masalu alijua. Tusimsingizie ujinga, alijua vizuri, alikuwa na mkono wa mwanawe mkononi na maneno ya bibi kichwani, lakini miaka yote ya zamu na usingizi na mwakani ilimshika shingo kwa pamoja, akasema moyoni mara moja tu, kidogo tu, kwa pembe ya jicho, akageuka.

Aliona mchanga na jua.

Nyuma yake ngoma zililegea, ngozi zimelowa kama zimetolewa mtoni. Kiganja cha Nelly kikamponyoka. Mama na mtoto walimpita, wakashikana mikono, wakazunguka kilima. Masalu alikimbia akazungukia upande wa pili awakinge. Nyayo zao ziliishia mahali palipokanyagwa na miguu mingi.

Bibi Hosiana alikusanya vitu vyake. "La kuvunda halina ubani," alisema, akaondoka.

Masalu bado yuko karasha ile. Juzi Abel, kijana mgeni kazini, alitoka nyuma ya kilima.

"Kaka, kuna mtoto wa kike anaimba kule. Sauti nzuri, jamani. Kanitaja jina."

Masalu alitupa koleo, akakimbia, akalaza sikio kwenye mchanga wa moto. Hakusikia kitu. Akarudi, akamshika Abel shati kwa mikono miwili.

"Anaimbaje? Niimbie, mdogo wangu. Nakuomba, hata kidogo."

Abel alijaribu, lakini hakuwa na sauti, na wimbo wenyewe alikuwa ameshausahau.