Maji ya Saa Saba Mchana

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Stephano akiwa anakula chipsi, hapo Morogoro mjini: "Kaka, leo ndoo imejaa kabla sijaitega."

Akacheka, akajua binti anamtania. Akafungua daftari, kwenye mstari wa saa saba mchana akaandika sekunde arobaini na tatu, za kichwani kwake, akarudi kwenye chipsi.

Binti ni Bernadeta, mtoto wa mama yake mdogo Magreth, huko Kinole. Stephano alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa maji, na kazi aliyopewa ni kupima chemchemi ya ukoo wao. Unatega ndoo kwenye mlizamu, pale maji yanapomwagikia, unahesabu sekunde mpaka ijae, mara tatu kwa siku, kiangazi kizima. Chuo kilitaka akae kijijini apime mwenyewe. Yeye kakaa mjini na wenzake, anayepanda mlima na ndoo ni Bernadeta.

Sasa chemchemi ile kila mtoto wa pale anaijua. Asubuhi unakwenda, jioni unakwenda, unapiga hodi ndipo unachota. Saa saba mchana hapana, saa hiyo mwenye chemchemi anaoga. Stephano alilijua hilo tangu anatambaa. Lakini Bernadeta alipomwambia, "Kaka, saa saba naogopa," alimjibu, "Acha ushamba wewe. Bila ya saa saba mwalimu hapokei. Na usimwambie mtu."

Kesho yake, baada ya ule ujumbe wa ndoo, ukaja mwingine: "Kaka, leo kuna mtu ananisaidia kuhesabu."

Baada ya hapo kimya, mpaka mama yake Stephano, Angelina, alipopiga simu. "Njoo nyumbani, baba. Mdogo wako haongei."

Alimkuta Bernadeta kakaa kwenye mkeka, nywele zimelowa chepechepe. Wanamkausha kwa kanga, zinalowa tena. Nyumba inanuka majani yaliyooza chini ya mawe. Na ilipofika saa saba, jua liko utosini na kuku wote wamejibanza chini ya kibanda, ikasikika ndoo inajaa huko jikoni, tena inajaa taratibu kama mtu anayeringa, Magreth akakimbia kuangalia akakuta ndoo zote kavu zimefunikwa, na sauti bado inaendelea, na midomo ya Bernadeta inacheza, inahesabu, inapanda, inapanda, mpaka ikafika arobaini na tatu ikanyamaza, na macho yake yakamgeukia Stephano yakatulia hapo hapo.

Ile namba hakuwahi kumtajia mtu.

"Hii ni kazi ya Mama Doreen," Magreth akasema kwa sauti ya chini. Mama Doreen ni mke wa mjomba wao, Hatibu. "Tangu tugombanie mpaka wa migomba, hajawahi kuniamkia vizuri."

"Mimi nimloge mtoto?" Mama Doreen akauliza. "Mtoto ambaye nimembeba mgongoni?"

Hakusikilizwa. Mjomba Hatibu, kwa aibu mbele ya dada zake, akamrudisha mkewe kwao Kisaki na begi moja. Mama Doreen alipopita mlangoni akasimama mbele ya Stephano. "Na wewe msomi, hata neno moja huna?"

Stephano akaangalia viatu vyake. Akisema, habari itafika chuoni, na miaka yote ile imekwenda na maji.

Akaletwa mganga kutoka Dumila, Bibi Zuhura. Akafukiza ubani, akamfunika binti shuka, akauliza, "Nani wewe, na umefuata nini?"

Sauti iliyotoka haikuwa ya Bernadeta. "Mimi sikutoka kwangu. Nilifuatwa nikiwa naoga. Aliyemtuma huyu aje aseme jina lake, nimwachie."

Siku mbili Stephano hakusema. Siku ya tatu Bernadeta akawa hamezi hata uji, unatoka mdomoni umekuwa maji matupu. Ndipo Stephano akapiga magoti.

"Ni mimi. Mimi Stephano. Nilimtuma saa saba, na Mama Doreen hana kosa."

Chini ya shuka ile sauti ikasema kwa upole kabisa, "Haya. Nimekusikia. Mimi sina haraka, maliza kwanza shule."

Bernadeta akapiga chafya, akaomba kula. Bibi Zuhura akakusanya vitu vyake. "Kwa binti nimemaliza," alisema, akamwangalia Stephano. "Huyu mwingine simwezi."

Mjomba alikwenda Kisaki kuomba msamaha, mkewe akarudi. Anawasalimia wote isipokuwa Stephano, na Stephano hamlaumu.

Huu sasa mwaka wa tatu tangu siku ile, kabakiza somo moja tu. Mama yake analia, kichwa kile cha hesabu kimekwama wapi. Hajui kwamba kila mtihani mwanawe anaingia, anaandika jina, anairudisha karatasi nyeupe.

Juzi Allen, rafiki yake wa chuoni, akampigia. "Oya, hongera mwanangu. Umefaulu. Jina lako limebandikwa, unahitimu."

"Allen, mimi sikuandika kitu."

"Hukuandika nini? Mwalimu anasema umejaza mpaka nyuma, hujakosea hata moja. Ila anauliza, kwa nini karatasi yako ilikuwa imelowa?"