Mistari Tisa ya Fundi

"Hii mistari tisa ni ya nini?"

Upande wa pili wa simu, Mpimaji akamsikia mchumba wake akivuta kiti, akikaa, kisha akikohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Mistari ipi?"

"Usinifanyie hivyo. Nimechoka."

Alikuwa amechoka kweli. Miezi kumi na moja kazi yake maabarani ilikuwa moja: kuilaza kompyuta mpakato ya aina mpya na kuiamsha, mara mia tatu mfululizo, akiangalia kama mtandao unarudi kila inapoamka. Ikifaulu, inapewa kibali kwamba inafanya kazi vizuri na programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani yake, uko wazi kwa yeyote kuusoma. Kiendeshi, yaani kile kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuongea na kadi yake ya mtandao, kilikuwa kimeandikwa na mchumba wake, ambaye kazini kwake, mji wa pili, walimwita Fundi. Fundi alikuwa ameahidiwa ajira ya kudumu siku kibali kitakapotoka, na alikuwa amekula kiapo kwamba hataoa akiwa kibarua.

Kwa hiyo kila kompyuta iliposhindwa, harusi nayo iliahirishwa. Mara mbili sasa. Shangazi yake Mpimaji alishaanza kusema gauni litaliwa na nondo kabla halijavaliwa, na mama akawa anajibu simu za ndugu kwa maneno mawili tu: bado wanapima.

Asubuhi ile kompyuta ilifaulu, mia tatu kwa mia tatu. Bosi akampa mkono; ikabaki sahihi yake tu kwenye kibali. Lakini Mpimaji alipopitia matokeo aliona kila mara mtandao umerudi baada ya sekunde nne kamili, bila kuzidi wala kupungua. Mashine ya kweli haiendi hivyo. Akafungua msimbo, akaikuta mistari tisa mipya, na chini yake jina la Fundi. Mistari ilisema: ukiona programu ya kupimia inafanya kazi, kila kompyuta inapoamka izime kadi na uiwashe upya kimyakimya. Kumfanyia hivyo mtumiaji wa kawaida kungemkatia kazi zake katikati, ndiyo maana ilifanyika kwenye kipimo tu. Akaifunga programu ya kupimia, akaanza kufunika na kufunua kompyuta kwa mkono, ilale na kuamka. Mara ya kumi na tisa mtandao haukurudi. Ndipo alipompigia.

"Nitarekebisha baada ya harusi," Fundi alisema hatimaye. "Weka sahihi tu, mpenzi. Nipe wiki tatu za utulivu, naipata kasoro."

"Na mwalimu atakayeinunua kesho?"

"Atazima, atawasha. Dunia nzima inazima na kuwasha."

Siku nyingine angecheka.

"Umedanganya, halafu ukaweka jina. Mwizi gani anaacha kitambulisho mlangoni?"

"Bila jina badiliko halipokelewi, unajua." Sauti ikashuka. "Na nilijua msomaji ni wewe. Nikasema, yeye atanielewa."

Hapo ndipo palipomuuma.

"Nakuelewa. Ndiyo maana siweki sahihi. Itoe mwenyewe kabla ya saa tisa. Ikifika saa tisa haijatoka, naandika imeshindwa."

"Ukiandika hivyo mkataba wangu umekwisha."

"Najua."

"Basi andika. Na bwana harusi katafute mwingine."

Simu ikakatwa. Saa tisa ilipofika aliandika, polepole, kama mtu anayevua viatu baada ya safari ndefu. Bosi alisoma akiwa amesimama, akamuuliza kama ana hakika, kisha akamruhusu aende nyumbani mapema.

Nyumbani alimsimulia mama yote, akitegemea kugombezwa. Mama aliacha vyombo kwenye sinki, akafuta mikono.

"Mwanangu, huyu kakudanganya wewe au kaidanganya mashine?"

"Mimi, mama. Mashine ilikuwa njia tu."

Mama akamvutia kiti.

Kesho yake, saa nne asubuhi, ujumbe ulitokea kwenye ukurasa wa mradi, ule unaosomwa na kila mtu: "Niliandika mistari hii kudanganya kipimo. Naiondoa. Mpimaji aliyekataa kuweka sahihi yuko sahihi, mimi nimekosa." Kabla Mpimaji hajamaliza kuusoma, simu yake ikatoa mlio wa meseji.

"Niko getini kazini kwenu. Mlinzi ananiuliza mimi ni nani wako. Nimekosa la kumjibu."

Akashuka. Fundi alikuwa na shati la jana na macho ya mtu aliyelala kwenye kiti cha basi. Mlinzi aliwatazama kwa zamu, kalamu mkononi.

"Mwandike mgeni," Mpimaji alisema.

Fundi akavaa shingoni kadi ya mgeni aliyopewa, bila kubisha.

Maabarani alieleza kwamba mkataba umevunjwa asubuhi ile, kwa barua pepe ya mistari miwili. Kisha akaketi mbele ya kompyuta, akaanza kuifunika na kuifunua. Mpimaji akachukua daftari, akawa anahesabu.

"Niliogopa kukuoa nikiwa si mtu," Fundi alisema bila kuinua macho.

"Mimi niliposwa na wewe. Sikuposwa na ajira yako. Miezi kumi na moja umeniweka foleni nyuma ya kadi ya mtandao."

"Nisamehe. Kwa mistari, na kwa foleni."

Mpimaji akaandika thelathini na sita. Thelathini na saba.

"Mwezi huu una Jumamosi ngapi zilizobaki?" Fundi akauliza.

"Mbili. Ukumbi hatuna."

"Uani kwa mama?"

"Shangazi atakutania mpaka uote mvi."

"Nimestahili."

Ilipofika arobaini na mbili, mtandao haukurudi. Mpimaji akaandika kwenye daftari kwamba imeshindwa, akageuza ukurasa, na juu ya ukurasa mweupe akaandika tarehe ya Jumamosi ya kwanza.